Kibati Namba Ishirini na Tisa

Marsiana alichoka tangu mwaka tisini na nne, mwaka aliomzika mumewe, na hakumficha mtu. Ukimwuliza habari za asubuhi alikujibu, "Nimeamka," basi. Anayetaka habari zaidi ya hiyo akatafute kwa jirani.

Kila siku isipokuwa Jumapili alitoka nyumbani kwake Kibaoni na miguu yake iliyovimba, akatembea hadi misheni ya Mihogoni. Alifagia kanisa, akafua kanzu za altareni, kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo na kufungua makumbusho. Tusidanganyane, makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja nyuma ya sakristia. Mlikuwa na saa ya ukutani iliyosimama kabla hajazaliwa, baiskeli ya bruda mmoja Mswisi isiyo na mnyororo, ngoma mbili, na fuvu la kiboko ambalo wanafunzi walipenda kulitia vidole puani. Wageni walikuja kwa nadra. Kitabu chao kilikuwa na kurasa ishirini, na tangu masista wakinunue kilikuwa hakijajaa.

Kitu kimoja tu mle ndani kilimpa Marsiana sababu ya kuamka, nacho ni vibati.

Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, wanaume wa Mahenge, wa Malinyi na wa bonde zima walikamatwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Bruda mmoja pale Mihogoni aliwaonea huruma. Alikusanya chubwi za risasi kutoka kwenye nyavu za wavuvi, akaziyeyusha pamoja na vijiko vya bati ili ziwe ngumu kidogo, akafanya vibati vyembamba vya upana wa vidole viwili. Kila mpagazi aligongewa viwili, jina na namba, kwa ncha ya msumari. Kimoja alikivaa shingoni, cha pili kilitundikwa kanisani. Aliyerudi alikwenda mwenyewe kutungua chake, akakipeleka kwao na kuchinja kuku. Watu walirudi wakatungua, wakatungua, mpaka ikafika siku hakuna tena aliyekuja. Ukutani vikabaki vibati arobaini na kimoja.

Watu hao arobaini na mmoja hawakuwa na kaburi. Kitabu cha misheni kilichoandika majina yao kililiwa na mchwa miaka ya sitini. Kwa hiyo kila tarehe mbili ya Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, vibati vililetwa mbele ya altare na majina yakasomwa moja baada ya jingine. Jina likitajwa, ndugu waliokuwamo kanisani waliitikia, "Tunaye." Wengine walitoka Malinyi kwa mguu na mtumbwi kwa ajili ya neno hilo moja.

Msomaji kwa miaka mingi alikuwa katekista Donati. Alipofariki, kazi ikamwangukia Marsiana, maana ndiye aliyekuwa na miwani. Tena kulikuwa na kibati namba ishirini na tisa, ambacho hakikuwa na mtu. Ukoo wake ulihama, au ulikwisha, hakuna aliyejua. Zamani jina lile lilipotajwa kanisa lilikuwa kimya, watu wakitazamana, mpaka mwaka mmoja Fridolin, mume wa Marsiana, akachoshwa na ukimya huo akaitikia kwa sauti ya kutikisa mabati, "Tunaye!" Watoto walicheka. Tangu hapo akaitikia kila mwaka. Marsiana alipomwuliza huyo mtu ni nani kwake, alijibu, "Si ndugu yangu. Lakini mtu akiitwa, si aitikiwe?"

Fridolin alikuwa seremala, na kama maseremala wote alikuwa hawezi kuona kitu kimeegeshwa ovyo akalala usingizi. Vile vibati kuning'inia kwenye misumari, mijusi ikivipanda na mvua ikivirukia, vilimuuma. Mapadre wa zamani walipanda mitiki nyuma ya makaburi. Mmoja ulianguka kwa upepo, Fridolin akauomba, akaupasua, na hata mbao hazijakauka sawasawa akaanza kazi. Marsiana alimshonea kitambaa cha zambarau kilichotokana na joho kuukuu la padre, na Fridolin akakigandisha mwenyewe ndani ya kabati kwa gundi. Akapiga vanishi mara tatu, nje na ndani. Mlango ulifunga kimya, bila kuacha nafasi ya kupitisha hata unywele. Watu walikuja kuufungua na kuufunga kwa kuufurahia tu.

Wiki ya tatu baada ya kabati kuingizwa chumbani, kifua kilimbana Fridolin. Hakufika wiki ya nne.

Ndiyo maana usimshangae Marsiana akilipangusa kabati lile kila asubuhi kabla ya kupangusa hata msalaba. Padre Beatus aliliona hilo akanyamaza. Kuna mambo padre mwenye akili hayatolei mahubiri.

Masika ya mwaka tisini na sita ndipo alipouona unga. Ulikuwa mweupe, laini, kama sembe iliyomwagika, na umekaa juu ya vibati tu. Alidhani ni vumbi la mbao. Akapuliza, akakohoa. Baada ya siku chache ulikuwa umerudi. Basi akafanya anachofanya kila mwanamke wa bonde lile chombo kikipoteza sura: alikata ndimu, akachovya kwenye majivu, akasugua. Vibati viling'aa vikawa kama vimetoka kwa bruda jana, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Marsiana akajisikia amefanya kazi inayoonekana. Akavifungia kabatini vizuri.

Mwezi ulipokwisha unga ulikuwa maradufu. Akasugua tena, safari hii kwa nguvu, na kwa hasira kidogo. Mara ya tatu alipomaliza kusugua aliinua kimoja dirishani akakigeuza huku na huku, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kibati kilikuwa cheupe kama ganda la yai. Jina halikuwepo.

"Mama Eveline, yaandike majina kwenye karatasi," Padre Beatus alimwambia jioni ile. Eveline ni binti yake na Fridolin, ameolewa Mang'ula. "Yaandike leo."

"Nitayaandika, Padre."

"Leo."

"Kesho, Padre. Leo mgongo."

Kesho ya Marsiana siku hizo ilikuwa ndefu. Si uvivu. Kukaa na karatasi kuandika majina yale kulikuwa ni kukubali kwamba yanakwenda, naye alikuwa amekwisha kukubali mengi. Alichokubali kuandika ni barua ya kuomba msaada kwa wakubwa wa makumbusho Dar es Salaam. Kwa utaratibu, barua ikapita kwanza kwa katibu kata, Bwana Gosbert, ipate muhuri. Marsiana aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista: "Tunazo risasi arobaini na moja za tangu vita vya Mjerumani. Tunazihifadhi ndani ya kabati kanisani. Sasa zimeanza kuharibika. Tunaomba mtaalamu aje haraka kabla mambo hayajawa mabaya."

Bwana Gosbert alisoma, akavaa kofia, akaenda kituoni.

Siku ya pili askari wawili waliingia chumbani bila hodi. Mkubwa wao alimwona mama mtu mzima ameshika kitambaa cha kupangusia, adabu ikamrudia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kutazama? Andikeni kwanza kitabuni."

"Mama, tumekuja kwa ajili ya risasi. Tunaomba uzitoe polepole, bila kuzigonganisha."

"Mungu awabariki!" Marsiana alisema kwa moyo wote, maana alijua ndio wataalamu. "Nilidhani mtachelewa. Nami nakataza zisigonganishwe, ni laini mno."

Askari walitazamana. "Zinapigwa na bunduki gani?"

"Bunduki? Hazipigwi na bunduki, baba. Zinapigwa na unyevunyevu."

Alipofungua kabati na kuwawekea mkononi vibati viwili vyenye unga, yule mdogo akaangua kicheko hadi akaegemea fuvu la kiboko. Mkubwa hakucheka. Alikisoma kibati kimoja kwa shida, akasema kwao Mahenge wako watu wa jina hilo, akavua kofia. Barua ilirudi kwa katibu kata na neno moja limeongezwa juu kwa kalamu nyekundu: risasi, *madini*. Ikaendelea na safari yake. Ilichukua mwaka na zaidi; Novemba iliyopita katikati, Padre aliwaombea wote kwa pamoja bila kusoma majina.

Elineema, mtu wa kutunza vitu vya kale, aliteremka kwenye treni Ifakara mwezi wa Agosti mwaka tisini na saba, na mkoba mmoja na kikohozi. Alikuwa Mpare mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye uso wa mtu anayeletewa wagonjwa walio hatua ya mwisho. Naye alionekana amechoka. Marsiana akampenda papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari. Wagonjwa wenyewe hawa."

Elineema alifungua mlango wa kabati, akaingiza pua ndani, akaufunga. Akaufungua tena, akanusa tena, mara hii amefumba macho. Kisha akauliza vibati vilikaa wapi zamani.

"Ukutani. Kwenye misumari."

"Miaka mingapi?"

"Zaidi ya sabini."

"Na vilikuwa na unga?"

Marsiana alifikiri. "Hapana. Vilikuwa vyeusi-vyeusi tu. Vibaya, lakini vizima."

"Na unga ulianza baada ya kabati."

Hilo hakulisema kama swali. Marsiana alihisi baridi ikimpanda kutoka miguuni, naye ni mtu ambaye miguu yake haikujua tena baridi wala joto.

"Mama, mbao ikikatwa haifi siku ileile," Elineema alisema taratibu. "Inaendelea kutoa pumzi, na pumzi yake ina uchachu, kama siki. Mbao ikiwa mbichi ndiyo zaidi. Gundi nayo, vanishi nayo. Chumba kikiwa wazi uchachu unakwenda na upepo. Lakini fundi aliyetengeneza hili alikuwa hodari mno. Amefunga kila kitu. Risasi ikifungiwa na uchachu inaliwa. Huo unga si uchafu, ni kibati chenyewe kinageuka. Ukiupangusa, unapangusa kibati. Tena una sumu, usiupulize, na unawe mikono kabla ya kula."

"Na ndimu?"

Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Elineema alimtazama, akaelewa, na laiti angejua kudanganya angedanganya.

"Ndimu ni uchachu wenyewe, mama."

Marsiana akaketi juu ya ngoma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye siku zote aliitumia methali hiyo kuwasema majirani. Sasa aliiona sura yake. Yeye na mumewe, watu wawili waliowapenda wale arobaini na mmoja kuliko mtu yeyote katika bonde la Kilombero, mmoja aliwafungia na mwingine akawasugua.

Elineema alifanya kazi siku mbili. Aliandika kila jina lililosomeka, yakawa thelathini na mawili. Tisa hayakusomeka hata kwa kioo chake cha kukuzia. Akasema vibati vitoke kabatini, vikae kwenye vikombe vya kioo vyenye vifuniko, vikavu, na kabati liondoke kabisa chumbani.

"Kabati haliondoki," Marsiana akasema.

"Mama..."

"Marehemu alilitengeneza kwa kifua kinachomuuma. Nilimsikia akikohoa kila alipopiga randa. Haliondoki."

Elineema alichukua kibati kimoja, akakisafisha kwa brashi laini, akakitia kwenye kikombe cha kioo na kukiweka kwenye rafu ya dirisha. Kingine alikisafisha vilevile, akakirudisha kabatini. "Usiniamini mimi," alimwambia. "Ukiingia kila siku tazama hiki, kisha tazama kile. Liamini jicho lako." Akaagana naye, akarudi stesheni.

Nani hamjui mtu aliyeambiwa ukweli akaamua kuubishia peke yake? Marsiana alitazama kila siku, akiomba kibati cha dirishani kioze. Aliomba hivyo kabisa, kwa rozari, na baadaye akaenda kuungama. Kibati cha dirishani kilikaa kijivu, kimetulia. Cha kabatini, wiki ya tano, kikatoa unga.

Siku hiyo hakumwita mtu. Alivitoa vibati vyote, akavipanga kwenye vikombe. Kisha akawaomba vijana wa kwaya walibebe kabati hadi nyumbani kwake. Liliwekwa kwenye kibanda cha kuni, mlango ukielekea ukutani, na akalifunika gunia. Hakuwa na nguvu za kulitazama.

Novemba mbili ilikuja na mvua. Ni mwaka ule mvua zilipoanza zikasahau kukoma, na barabara ya Malinyi ikawa mto. Hata hivyo watu walikuja, suruali zimekunjwa magotini, viatu mkononi. Kabla ya misa Marsiana alizunguka kwenye mabenchi akiuliza koo zilizopotelewa na majina, na watu wakampa bila kusita, maana mtu halisahau jina la babu yake. Mzee Stanislaus, aliyesafiri siku mbili, alimpa mawili. Yakapatikana manane.

La tisa lilikuwa la namba ishirini na tisa. Hakuna aliyelijua. Marsiana mwenyewe alilisoma miaka mitano mfululizo, na kila alipojaribu kulikumbuka alisikia sauti ya Fridolin ikiitikia, si jina. Alidhani lilianza na Li. Nusu ya majina ya bonde lile yanaanza na Li.

Akasoma. Moja, tunaye. Mbili, tunaye. Alipomaliza ishirini na nane alikiinua kibati cheupe watu wakione.

"Ndugu zangu, huyu ni namba ishirini na tisa. Alikuwa na jina. Nimelifuta mimi, Marsiana, kwa ndimu na majivu, nikidhani nasafisha. Padre aliniambia niandike, nikasema kesho. Naomba mnisamehe. Yeye sijui nitamwombaje, maana sijui nimwiteje."

Mvua ilipiga mabati. Mtu mmoja akajaribu, "Tunaye," wengine wawili wakafuata, lakini sauti zilikuwa nyembamba, za watu wasiojua wanamwitikia nani. Marsiana alimalizia majina yaliyobaki, akarudi nyumbani bila kungoja chai.

Wiki ile maji yakaingia kwenye kibanda cha kuni. Ilibidi kabati liingizwe ndani, na majirani wakasaidia. Lilipowekwa sebuleni Marsiana aliona kitambaa cha zambarau kimelowa, gundi imeachia, kinaning'inia. Akakivuta kitoke chote. Kikatoka kwa mlio mrefu.

Nyuma ya kitambaa, kwenye mbao, kulikuwa na maandishi. Fridolin, ili asichanganye vibati alipokuwa akipima misumari yake, aliandika kila namba na jina kwa penseli bapa ya useremala, kwa herufi zake kubwa za darasa la pili. Ilikuwa safu baada ya safu. Marsiana alivaa miwani, akapiga magoti mbele ya kabati ingawa magoti yenyewe yalikataa. Ishirini na sita, Ngitu. Ishirini na saba, Ligoha. Ishirini na nane, Mateo.

29 — HUYU WANGU.

Basi. Jina hakuandika. Hakuwa na haja, alilijua.

Alicheka kwanza. Kisha akalia, kilio ambacho hakukilia mwaka tisini na nne kwa sababu siku zile kulikuwa na wageni wa kupikia. "Ewe mwanamume," aliliambia kabati. "Hata hapa ulishindwa kuandika neno moja zaidi?" Alikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi, akaangalia yale maneno mawili.

Kabati hakulichoma. Alilitia sahani, na sahani za udongo hazidhuriwi na uchachu.

Mwaka uliofuata, tarehe mbili Novemba, Marsiana alisimama mbele ya altare na karatasi yake mkononi na vikombe vya kioo vimepangwa mezani. Alisoma kwa sauti yake ileile iliyochoka. Alipofika mahali pale hakuinua kibati, hakueleza kitu.

"Ishirini na tisa," akasoma. "Wa Fridolin."

Waliomcheka Fridolin utotoni wakaikumbuka sauti yake. Halafu kanisa likaitikia lote, hadi mabati yakatikisika:

"Tunaye!"